Kila msimu wa korosho sukari yangu hupanda: ni mawazo, au ni mimi mwenyewe?

Karani wa Mizani (Tandahimba) ameuliza:

Ndugu zangu, ninaomba niulize jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya daktari wala mbele ya mke wangu. Nina umri wa miaka 47, ni mkulima wa korosho, na msimu unapofika huwa karani wa mizani katika chama chetu cha msingi. Nilipimwa na kuonekana nina kisukari cha aina ya pili miaka sita iliyopita. Tangu hapo ninatumia metfomini asubuhi na jioni, na mwaka jana niliongezewa kidonge cha glibenklamidi cha asubuhi. Kuanzia Februari hadi Agosti hali yangu huwa si mbaya, kwani nikipima kabla ya kula hupata 7 (milimoli kwa lita), na mara nyingine 6 na nukta kadhaa. Tatizo huanza korosho zinapoanza kuanguka.

Anayeishi huku kwetu anajua Oktoba ilivyo. Watu hupanga magunia tangu alfajiri, kila mmoja anaamini kwamba mizani imemwibia kilo mbili, na mnada ukishapita malipo yakichelewa, hodi hubishwa mlangoni kwangu usiku kana kwamba fedha zimelala chini ya kitanda changu. Nami nina madeni yangu. Mwezi wa saba niliuza magunia mawili kwa kangomba, yaani nje ya mnada na kabla ya kuvuna, kwa bei ambayo naona haya kuitaja, ili binti yangu atolewe unyago kama wenzake, na sasa ninapima korosho zile zile huku nikijua kwamba zimekwisha kuwa za mtu mwingine. Katika miezi hiyo sukari yangu hufika 13, hata 15.

Mwanzoni nilijiambia kwamba ni mawazo tu, kwa kuwa dawa ni zile zile. Ukweli ni kwamba dawa za jioni siku nyingi sizimezi. Wala sisahau: pakiti iko juu ya meza, ninaitazama, na moyo unakataa. Ninajisikia kama mtu anayelipa deni ambalo halipungui. Kisha zikibaki siku nne kabla ya kliniki ninakuwa mtu mwema, ninameza kila kitu, ninakunywa chai kavu, ninapata 8 na kusifiwa. Siwezi kusema kweli pale, kwa sababu siku moja nilimwona mama mmoja akifokewa mbele ya benchi zima kwamba ajiandae kukatwa mguu.

Maswali yangu ni mawili. Je, mawazo yanaweza kupandisha sukari hata kama dawa imemezwa, au hicho ni kisingizio cha sisi wazembe? Na ninyi mliokaa na ugonjwa huu miaka mingi, moyo ukichoka mnafanyaje ili dawa isikatike? Ninaomba tu nisiambiwe niache mawazo, maana hilo nimeambiwa sana na sijaonyeshwa mahali pa kuyaachia.

Muuguzi Mstaafu (Lindi mjini) amejibu:

Mwanangu, pole kwa kazi na pole kwa ugonjwa. Nimefanya kazi wodini na katika kliniki za kisukari kwa miaka mingi, na kabla ya yote niseme kwamba yule mama hakustahili kufokewa. Nilipokuwa kijana nami niliwahi kumfokea mgonjwa kwa namna hiyo, nikidhani kwamba ninamwokoa. Hakurudi tena kliniki, na mpaka leo sijui aliishia wapi.

Sasa swali lako la kwanza. Wewe ni mtu wa maghala, kwa hiyo nitatumia ghala. Ini lako ni ghala la sukari. Mwili unapohisi hatari, hutoa homoni, hasa adrenalini na kotizoli, ambazo huliamuru ini lifungue milango na kumwaga sukari kwenye damu ili misuli ipate nguvu ya kupigana au kukimbia. Mwili hauna namna ya kutofautisha chui na mkulima anayekugongea saa tano usiku akidai malipo yake. Homoni hizo hizo hupunguza pia utendaji wa insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari njia iingie kwenye chembe za mwili. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho huongeza insulini na mambo hutulia, lakini kwako kongosho halina akiba hiyo, na sukari iliyotolewa ghalani hubaki barabarani. Kwa hiyo mawazo yanaweza kupandisha sukari hata kwa mtu aliyemeza dawa zake zote, na huu si uzembe.

Hata hivyo, katika uzoefu wangu njia hiyo ya homoni mara nyingi ndiyo ndogo, na ile ya pili ndiyo kubwa: mtu mwenye msongo hulala kidogo, hula ovyo na kwa kuchelewa, huongeza sukari kwenye chai ili apate nguvu, na huacha dawa. Wewe mwenyewe umekwisha kuieleza. Hivyo 15 yako ina wazazi wawili, na ukimtaja mmoja tu utakuwa umeandika nusu ya hesabu.

Kuhusu siku nne za wema kabla ya kliniki, ninakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapokuogopea. Kipimo cha kidole husema habari ya saa ile tu. Kuna kipimo kingine, HbA1c, ambacho sisi huwaeleza wagonjwa kuwa ni sukari ya miezi mitatu. Sukari hujishikiza kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi takriban siku 120, kwa hiyo kipimo hicho husoma Oktoba yako yote hata kama umekuja umejitakasa. Wengi huwekewa lengo la kuwa chini ya asilimia 7, ingawa daktari anaweza kulegeza lengo hilo kulingana na umri na hali ya mgonjwa. Sasa fikiri: daktari anaona kipimo cha miezi mitatu kiko juu, na wewe unaapa kwamba unameza kila kidonge. Atafanya nini? Ataongeza dawa. Sina uhakika kwamba hiyo glibenklamidi haikuja kwa njia hiyo. Halafu siku utakapoamua kumeza kila kitu kama ulivyoandikiwa, tumbo likiwa tupu, sukari inaweza kushuka ukaanguka juu ya hiyo mizani. Wewe ambaye hupigiwa kelele kwa kilo mbili unajua thamani ya kuandika uzito uliopimwa kweli.

Lingine ni huu moyo unaokataa. Wataalamu wameutambua kuwa ni kitu kinachojitegemea. Mwanasaikolojia wa Marekani William Polonsky na wenzake walitoa mwaka 1995 dodoso la maswali 20 la kupima mzigo huo wa kuchoshwa na kisukari chenyewe: kujihisi mwenye hatia ukikosea, kuogopa madhara ya baadaye, kuona kwamba hakuna anayekuelewa. Mtu anaweza kuwa na mzigo huo bila kuwa na sonona. Lakini sonona nayo ipo, na huonekana mara nyingi zaidi kwa wenye kisukari kuliko kwa watu wengine. Ukiona kwa wiki mbili au zaidi huna furaha na chochote, usingizi umeharibika, chakula hakipiti au unakula bila kipimo, unajiona huna thamani, basi hilo si la kusubiri msimu uishe, linahitaji kutibiwa kama linavyotibiwa jeraha. Na likija wazo la kutaka kufa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, usiende peke yako.

Siku ya Kisukari Duniani huwa tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini mwaka 1921. Kwetu Kusini huangukia katikati ya msimu, watu wakiwa kwenye foleni za magunia. Nilikuwa nikilalamika kila mwaka kwamba tunawaita watu wapime siku ambayo hawawezi kuja.

Mama wa Samaki (Mikindani) amejibu:

Shikamoo bibi muuguzi, na wewe kaka karani habari za Tandahimba. Mimi ninakaanga na kuuza samaki, nina miaka 11 na kisukari, na miaka mitano ya mwisho ninajidunga insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Ninakubaliana na bibi, ila ningependa kuongeza jambo moja ambalo mimi nililipia.

Kabla hujayalaumu mawazo, ikague dawa yenyewe. Kuna mwaka tuligombana na kaka yangu juu ya nyumba ya marehemu baba yetu, na katika wiki zile zile sukari yangu ikapanda hadi 20 na zaidi. Kila mtu, nami nikiwemo, alisema ni ugomvi. Kumbe nilikuwa ninahifadhi chupa ya insulini ndani ya sanduku la barafu la samaki, nikiamini kwamba baridi zaidi ni usalama zaidi, na ilikuwa imeganda. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka hairudi. Nilikuwa ninajidunga maji, kwa lugha nyepesi. Mfamasia aliniambia niizungushe chupa taratibu viganjani: ikiwa nyeupe sawasawa kote ni nzima, ikibaki na mabonge au chembe zilizoganda kwenye kuta za chupa, nisiitumie. Chupa ambazo hazijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandishia. Iliyofunguliwa aliniambia nisiizidishe wiki nne, basi ninaiandikia tarehe kwa kalamu, na kwa kuwa friji sina, huiweka ndani ya chungu kidogo kilichomo ndani ya chungu kikubwa, katikati nimejaza mchanga ninaoulowesha asubuhi na jioni, chini ya kivuli. Hata joto la Novemba haliniumbui. Vidonge vyako, kaka, havina deko hilo, lakini navyo visikae juani kwenye mfuko wa shati kutwa nzima.

Kuhusu moyo kuchoka: mimi niliacha kuungoja moyo wangu utake. Dawa ya asubuhi nimeifunga kwenye swala ya alfajiri, ya jioni kwenye magharibi, na chakula huwa kimekwisha kuiva kabla sijashika sindano. Sijiulizi kama ninataka, kama ambavyo sijiulizi kama ninataka kufunga mlango usiku. Palipo na mjadala ndipo dawa inapopotea. Wewe umeweka pakiti juu ya meza ambapo mnatazamana na kubishana. Iondoe hapo, iweke pamoja na kitu unachokifanya bila kufikiri.

Jambo jingine ni daftari. Zamani niliandika namba tupu, na kila namba ilikuwa kama hukumu. Siku hizi, kwa kuwa stripu ni ghali na sipimi kila siku, ninapopima huandika pembeni kilichotokea: samaki hawakutoka, nilikula mihogo saa tano usiku, mtoto alilazwa, nilisahau, nilikataa. Ndiyo, ninaandika hata "nilikataa". Baada ya miezi miwili niliona kwamba namba mbaya zilikuja siku za bahari kuchafuka, nisipokuwa na biashara na kukaa nyumbani nikila bila njaa. Hilo sikulijua, na daktari asingeweza kulijua.

Msongo haujaniisha. Ramadhani iliyopita nilishauriwa nisifunge, nikatoa fidia, na kukaa jikoni mchana huku nyumba nzima imefunga kuliniuma kuliko sindano zote. Lakini hata siku hizo dawa ilikwenda.

Kijana wa Nachingwea amejibu:

Mimi si mgonjwa, ninamuuguza mama yangu mwenye miaka 63. Ninaandika kwa sababu nimesoma maneno ya karani kwamba mke wake hajui, na ninataka aone upande wetu, ikiwa ni pamoja na makosa yetu.

Nyumbani kwetu sisi ndio tuliokuwa msongo wa mama. Kila tonge lilihesabiwa, wajukuu walitumwa kumpeleleza, na akionja bibo moja wakati wa kuokota korosho, habari zilinifikia kwa simu kabla hajalimaliza. Tulipikia nyumba nzima sufuria moja na yeye kisufuria chake cha peke yake, kama mtu aliyetengwa. Alianza kula kwa kujificha, kisha akaacha vidonge kabisa na kununua unga wa majani kwenye gulio, kwa kuwa muuzaji, tofauti na sisi, alimsikiliza kwa nusu saa na kumwambia kwamba atapona. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumsikiliza nusu saa hospitalini au hata nyumbani.

Wakati huo miguu ilikuwa imekwisha kufa ganzi. Akiwa anabangua korosho za kuchoma, mafuta ya ganda, ambayo sote tunajua yanavyounguza, yalimrukia mguuni, naye hakuhisi. Kidonda kiligundulika kikiwa na wiki mbili, na wa kukigundua alikuwa mjukuu aliyesikia harufu. Alilazwa mwezi mzima; mguu ulibaki, vidole viwili havikubaki.

Tangu alipotoka tumebadilisha mambo machache. Tunakula wote chakula kimoja, ugali kidogo, mboga nyingi, kisamvu au mbaazi, samaki anapopatikana. Hakuna anayemuuliza kama amemeza dawa. Badala yake mimi huketi naye asubuhi wakati wa kumeza, tukazungumza habari za shamba, na kila jioni mke wangu humsafisha na kumkagua nyayo. Kaka karani, ukimwambia mkeo, mwambie pia unachotaka akufanyie na usichotaka. Sisi hatukuambiwa, tukaigeuza hofu yetu kuwa polisi.

Mpita Njia (Masasi) amejibu:

Mbona jambo hili ni rahisi? Mimi nikikosa dozi ya jioni, asubuhi ninameza mara mbili na mambo yanakwenda. Usijitese kwa mawazo.

Muuguzi Mstaafu amejibu:

Ndugu yangu wa Masasi, ninakuomba kwa heshima uache hilo, na wanaosoma wasilifuate. Dozi iliyokosekana hailipwi kwa kuongeza inayofuata. Kwa metfomini utaharibu tumbo, na kwa glibenklamidi au insulini unaweza kushusha sukari hadi kupoteza fahamu. Meza ya wakati huo kama kawaida, na iliyopita iandike kwenye daftari.

Karani wa Mizani amejibu:

Shikamoo bibi, na ninawashukuru wote. Nimesoma majibu haya mara tatu. Juzi usiku nilimwambia mke wangu. Alinyamaza, kisha akaenda kuleta pakiti na kunieleza vidonge vilivyobaki bila hata kuvitazama. Alikuwa akivihesabu tangu mwaka jana. Alisema alinyamaza kwa sababu aliogopa nikijua kwamba anajua ningeanza kuvitupa, na sina hakika kwamba amekosea.

Tumekubaliana kwamba dawa ya jioni itakaa kwenye kapu la sahani, ili chakula kisiweze kupakuliwa kabla haijaonekana, na kwamba hataniuliza. Daftari nimeanza, na "nilikataa" imekwisha kuandikwa mara moja. Kliniki ijayo nitakwenda nalo kama lilivyo, bila zile siku nne.

Lakini bibi, kuna jambo umelitaja likanishtua. Msimu uliopita, siku nyingi ikifika saa nane mchana nikiwa kwenye mizani, nilikuwa ninatetemeka, jasho linanitoka, moyo unakimbia, na ninakuwa na hasira ya kumpiga mtu. Chakula cha mchana huko hukipata saa kumi, wakati kidonge cha glibenklamidi nimekimeza saa kumi na mbili asubuhi kwa chai na kipande cha muhogo. Nilidhani kwamba ni watu wananiudhi. Je, inaweza kuwa ni dawa?

Muuguzi Mstaafu amejibu:

Marahaba mwanangu. Inaweza, na ndilo jambo la kwanza nitakalotaka ulieleze kliniki, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Sukari ikishuka mwili hutoa adrenalini ile ile ya woga, ndiyo maana kushuka kwa sukari na hasira hufanana mno. Pengine baadhi ya ugomvi wa pale mizani haukuwa wa kilo. Na baada ya kushuka, ini hufungua ghala, nawe kwa njaa ile unakula kwa pupa saa kumi, kisha jioni unapima 14 na kusema dawa haisaidii.

Mpaka utakapoonana na daktari, usikae kwenye mizani bila chakula cha katikati, hata kama ni muhogo wa kuchemsha na karanga, na usibadilishe dozi kwa uamuzi wako. Dalili hizo zikija na mashine unayo, pima. Ikiwa chini ya 4, au ikiwa huwezi kupima, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, keti, subiri dakika 15 na upime tena, isipopanda, rudia. Ikitulia, kula chakula. Mwenzako mmoja hapo mizani aelezwe kwamba ukianza kuongea ovyo au ukizimia asikumiminie kitu mdomoni, akukimbize hospitali.

Karani wa Mizani amejibu:

Nimekuelewa, bibi. Kesho ninakwenda kliniki kabla ya kufungua mizani, magunia yatanisubiri. Sukari nimekwisha kuifunga kwenye karatasi, vijiko vinne, iko kwenye mfuko wa daftari la kilo.